Kompyuta ya Asiyeona: Nani Anaamua Iseme Nini?

Video za namna hii huzunguka sana mitandaoni. Kijana asiyeona amekaa mbele ya kompyuta, skrini imezimwa, vidole vinakimbia kwenye kibodi, na kwenye spika unatoka mlio wa kasi ambao msikilizaji wa kawaida hashiki hata neno moja. Maoni chini yake nayo ni yaleyale. Mmoja anauliza, "Sasa hapo anaelewa nini?" Mwingine anasema video imeharakishwa. Wa tatu, kwa nia njema kabisa, anashauri: si aongee tu, kompyuta iandike yenyewe? Na siku hizi hakosekani wa kusema kwamba akili mnemba imeshamaliza tatizo hilo.

Maoni yote hayo yanatoka kwenye dhana moja, kwamba kompyuta ya mtu asiyeona ni kompyuta ya kawaida iliyotiwa sauti, basi. Ukiiwasha inasoma, ukiizima inanyamaza. Ziko shule na ofisi zinazonunua vifaa kwa dhana hiyohiyo, kisha zinashangaa mbona mwanafunzi au mfanyakazi bado anahangaika. Ukweli ni kwamba sauti peke yake haimwezeshi mtu kuandika hata barua ya kuomba kazi. Kinachomwezesha ni maamuzi mengi madogomadogo: nini kisemwe, kisemwe lini, kwa kasi gani, na, jambo ambalo wengi hulisahau, nini kisisemwe kabisa. Makala haya yanahusu maamuzi hayo, hasa pale mtu anapoandika na kuhariri maandishi, maana ndipo yanapouma zaidi.

Vitu vitatu vinavyodhaniwa ni kimoja

Tuanze na majina. Kitu cha kwanza ni programu ya kuandikia: Notepad, Word, Visual Studio Code, Emacs na nyinginezo. Humo ndimo maandishi yanamokaa. Cha pili ni kisoma skrini, yaani programu inayofuatilia kila kinachotokea kwenye kompyuta na kuamua kipi kimfikie mtumiaji. Kwenye Windows kuna NVDA na JAWS, kwenye Linux kuna Orca, kwenye kompyuta na simu za Apple kuna VoiceOver, na kwenye simu nyingi za Android kuna TalkBack. Cha tatu ni injini ya sauti, inayopokea maneno yaliyoandikwa na kuyageuza kuwa mlio unaosikika. eSpeak NG ni mojawapo.

Tofauti hii ina faida ya moja kwa moja. Mtu akilalamika kwamba kompyuta "inasoma vibaya Kiswahili", tatizo huenda liko kwenye injini ya sauti. Akisema "inanitajia kila nukta na kila mkato", hilo ni la kisoma skrini. Na akisema "nikifika sehemu fulani ya dirisha inanyamaza", mara nyingi aliyetengeneza programu ya kuandikia hakuweka maelezo ambayo kisoma skrini kingeweza kuyachukua. Asiyejua tofauti hii atabadilisha sauti mara kumi na tatizo litabaki palepale.

Kuhusu bei, NVDA ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, ambaye hakuona sababu ya mtu asiyeona kulipia pesa nyingi ili tu aweze kutumia kompyuta ambayo mwenzake anaitumia bila malipo ya ziada. Inaweza kuwekwa kwenye fleshi na kuendeshwa kutoka humo bila kuiingiza kwenye kompyuta. Kwa mtu anayetegemea maabara ya shule au kafe ya intaneti, fleshi hiyo ina maana kubwa, na nitairudia mwishoni.

Sikio linapokea kimoja baada ya kingine

Jicho likitua kwenye ukurasa, kwa sekunde moja linajua kuna aya ngapi, kichwa cha habari kiko wapi na neno gani limepigiwa mstari mwekundu. Sikio haliwezi hivyo. Linapokea kitu kimoja, halafu kingine, halafu kingine. Kila neno lisilo na kazi linalotamkwa linakula muda wa neno lenye kazi.

Fikiria konda wa daladala. Kazi yake ni kutaja vituo. Angekuwa anataja kila duka, kila nguzo ya umeme na kila mti mnaoupita, asingekuwa amesema uongo hata mara moja, lakini wewe ungepitishwa kituo chako. Kisoma skrini kilichoachwa na mipangilio isiyofaa kazi husika humfanyia mtu hivyohivyo kutwa nzima. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kisome kila kitu "ili asipitwe". Kikisoma kila kitu ndipo anapopitwa.

Mwangwi wa herufi na wa maneno

Mpangilio wa kwanza anaokutana nao mwanafunzi ni mwangwi, yaani kile ambacho kompyuta hutamka unapobonyeza vitufe. Kuna mwangwi wa herufi: unabonyeza k, inasema "k". Kuna mwangwi wa neno: inanyamaza mpaka umalize neno na kubonyeza nafasi, ndipo inalitamka zima. Vyote viwili vinaweza kuwa pamoja, kimoja peke yake, au visiwepo kabisa.

Kwenye NVDA unashikilia kitufe cha NVDA, ambacho kwa kawaida ni Insert, kisha unabonyeza 2 kubadilisha mwangwi wa herufi au 3 kubadilisha wa maneno. Ni sekunde mbili. Hata hivyo kuna watu wametumia kompyuta muda mrefu bila kuambiwa kwamba vitufe hivyo vipo, wakidhani kelele ile ya herufi ndiyo bei ya kutoona.

Ushauri wangu kwa wanaofundisha: anayejifunza kibodi aachiwe herufi, kwa sababu bado anahitaji kujua kidole kimetua wapi. Vidole vikishazoea, zima herufi, washa maneno. Kiswahili kinafaidika sana na mwangwi wa neno, kwa kuwa maneno yetu hutamkwa yanavyoandikwa. Ukikosea ukaandika "nimefka", utaisikia kasoro hapohapo. Kwa Kiingereza haiwi hivyo kila mara. "Their" na "there" zinasikika sawa, kwa hiyo anayeandika lugha hiyo hulazimika kurudi kwa mishale ya kibodi na kusikiliza herufi mojamoja pale anapotilia shaka.

Wapo wanaozima vyote viwili na kuandika kimya kabisa, kisha wanarudi juu na kusikiliza aya nzima. Hao si wazembe. Sikio lao limeachwa huru lifuate wazo.

Alama za uandishi, na kisa cha ng'ombe

Hapa ndipo pana utajiri, na ndipo makosa mengi hufanyika.

NVDA ina viwango vya kutaja alama: hakuna, baadhi, nyingi na zote. Unavibadilisha kwa kitufe cha NVDA pamoja na P. Ukisoma habari au riwaya, kiwango cha chini kinatosha, kwa sababu injini ya sauti hutua kwenye mkato na kushuka kwenye nukta bila kuzitaja, kama msomaji mzuri afanyavyo. Lakini ukiandika mkataba, unataka kujua kama ni 1,500 au 1.500. Na ukiandika programu ya kompyuta, alama moja iliyokosekana inaangusha kazi nzima. Mstari kama huu:

if (jumla > 10):

ukisomwa bila alama utasikika "if jumla 10". Hakuna mabano, hakuna alama ya kubwa kuliko, hakuna nukta mbili. Mtu akikuambia watu wasioona hawawezi kuandika programu kwa sababu "hawasikii alama", jua hajawahi kukipandisha kisoma skrini hadi kiwango cha zote.

Sasa tuje kwa ng'ombe. Kiswahili kinatumia kibainishi (') katikati ya neno: ng'ombe, ng'ambo, kung'aa. Kisoma skrini kilichopangwa kutaja alama zote kinaweza kulikata neno vipande viwili na kutamka jina la alama katikati. Jambo la pili ni gumu kuligundua. Kibainishi kina sura mbili kwenye kompyuta, kilichonyooka na kilichopinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti kabisa. Word hupenda kukigeuza kilichonyooka kuwa kilichopinda bila kuuliza. Injini inayotambua kimoja si lazima itambue kingine, na hapo "ng'ombe" anaweza kusikika vizuri kwenye faili moja na kuvunjika kwenye jingine. Anayeona hatagundua tofauti; anayesikiliza atadhani amekosea kuandika. Dawa yake ni kuzima ugeuzaji huo kwenye mipangilio ya Word, na kwenye NVDA kufungua orodha ya matamshi ya alama ili kibainishi kisitamkwe. Orodha hiyohiyo hukuruhusu kuandika majina unayoyataka: mahali pa jina la Kiingereza la mkato unaandika "mkato", na kitasema mkato.

Herufi kubwa nazo zina njia zake. NVDA inaweza kuipandisha sauti ikawa nyembamba kidogo inapofika kwenye herufi kubwa, inaweza kutaja kwamba ni kubwa, au inaweza kutoa mlio mfupi. Sauti nyembamba ndiyo bora, nadhani, kwa sababu haiongezi neno hata moja. Kwa wanaoandika programu kwa lugha ya Python, ambako nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa mstari zina maana yake, kuna mpangilio wa kutoa mlio unaopanda kadiri mstari unavyosogea ndani. Masikio yakizoea, mtu anajua yuko ndani kiasi gani kabla neno la kwanza la mstari halijatamkwa.

Kasi, na kwa nini wanapenda sauti ya roboti

Turudi kwenye zile video. Hapana, hazijaharakishwa. Msikilizaji aliyezoea husikiliza maneno 300 kwa dakika na zaidi, ilhali mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza huwa karibu 150. (Hesabu ya maneno inatudanganya kidogo sisi Waswahili, "nitakapowapelekea" ni neno moja tu.) eSpeak NG ikiwa haijaguswa huanzia 175, na wengi huipandisha kidogokidogo mpaka kiwango hicho kinasikika kama usingizi. Hakuna kipaji cha kuzaliwa hapo. Ni mazoezi. Anayeona pia hasomi herufi mojamoja. Jicho lake linaruka, na hakuna anayemwuliza anaelewa nini.

Mara nyingi anayetaka kusaidia humwekea ndugu yake sauti nzuri, laini, ya kibinadamu, kisha anashangaa siku ya pili ameirudisha ile ya kukwaruza. Sababu ziko mbili. Kwanza, sauti kama ya eSpeak huundwa kwa kanuni za kihesabu, haikukatwa kutoka kwenye rekodi ya mtu, kwa hiyo ikiharakishwa sana kila konsonanti bado inabaki mahali pake. Pili, inaanza papo hapo. Unapopita mistari kwa mshale wa chini, unabonyeza, unasikia neno la kwanza, unajua si huo, unabonyeza tena. Sauti inayochelewa hata nusu sekunde inakufanya uwe umeshapita mistari mitatu ndipo uambiwe kuhusu wa kwanza. Sauti laini ni nzuri kwa kusikiliza kitabu jioni. Kwa kuhariri, nyingi bado zinasumbua, na hapo ndipo wanaosema akili mnemba imemaliza kila kitu wanapokosea: wanapima uzuri wa sauti, anayeandika anapima uharaka wake.

Programu inayozungumza yenyewe

Mpaka hapa tumezungumzia kisoma skrini kinachokaa nje na kutazama programu nyingine. Iko njia tofauti. Mwaka 1995 T. V. Raman, mwanasayansi wa kompyuta kutoka India aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana, alitoa Emacspeak. Mwaka uliotangulia alikuwa amekamilisha shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kwa kazi iliyohusu kuzisomesha kwa sauti hati zenye hisabati. Alichokiona ni hiki: kisoma skrini husoma kilichochorwa kwenye skrini, wakati programu ya kuandikia yenyewe inajua zaidi ya hapo. Inajua kwamba mstari huu ni maelezo tu ya mwandishi, kwamba huu ni amri, kwamba neno hili ni jina la mtu kwenye barua pepe. Kwa nini isizungumze yenyewe?

Emacspeak inaingia ndani ya Emacs na kuipa kinywa. Panapotumika rangi kumsaidia anayeona, yenyewe hubadilisha sauti: maelezo kwa sauti moja, amri kwa nyingine. Kufungua faili au kuhifadhi kunaambatana na mlio mfupi, si sentensi. Ukibonyeza Ctrl na e, kisha l, inasoma mstari. Ukimalizia na w inasoma neno, na c inasoma herufi. Ctrl na e, d, kisha r hubadilisha kasi, na ukiweka p badala ya r unabadilisha kiwango cha alama. Injini ya sauti hukaa pembeni kama programu inayojitegemea, kwa hiyo unaweza kuibadilisha bila kugusa kingine.

Emacs si programu ya kujifunza kwa wiki moja, na sitamwambia mwanafunzi wa sekondari aanzie huko. Lakini wazo la Raman limesambaa. Visual Studio Code, inayotumiwa na waandishi wengi wa programu leo, ina milio yake ya kuashiria kwamba mstari ulioufikia una kosa au onyo, na ukibonyeza Alt na F1 inakufungulia maelezo kwa ajili ya wanaotumia visoma skrini.

Kiswahili ndani ya masikio

eSpeak NG ina sauti ya Kiswahili, na inakuja pamoja na NVDA. Wengi hawajui. Wameachiwa sauti ya Kiingereza inayotamka Kiswahili kwa kukisia, wakahitimisha kwamba "kompyuta haijui Kiswahili". Bonyeza kitufe cha NVDA, Ctrl na V, orodha ya mipangilio ya sauti inafunguka, hakikisha injini iliyochaguliwa ni eSpeak NG, kisha chagua Kiswahili. Irabu tano zinakaa sawa na mkazo unatua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, inavyotakiwa.

Kasoro zipo. Kwa kuwa injini inafuata kanuni hiyo ya mkazo, "barabara" itasikika daima kama njia ya magari, hata pale mwandishi alipokusudia barabara ya sawasawa. Tarakimu nazo: "watu 3" itasomwa "watu tatu" na "vitabu 3" "vitabu tatu", kwa sababu haijui ngeli. Sikio huzoea, ila anayeandika hati rasmi ni vema aandike namba hizo ndogo kwa maneno.

Gumu zaidi ni uchanganyaji wa lugha. Kwenye ukurasa wa intaneti mtengenezaji anaweza kuweka alama isiyoonekana inayosema sehemu hii ni Kiswahili, ile ni Kiingereza, na kisoma skrini kikabadilisha sauti chenyewe. Faili la maandishi matupu halina alama hizo. Barua pepe ya ofisini Nairobi au Dar es Salaam yenye sentensi ya Kiswahili, jina la mradi kwa Kiingereza, kisha Kiswahili tena, itasomwa yote kwa sauti moja. Njia nzuri ya kupunguza adha ni wasifu wa mipangilio. NVDA inakuruhusu kuwa na mipangilio tofauti kwa kila programu: Word izungumze Kiswahili, mwangwi wa neno, alama chache, Visual Studio Code izungumze Kiingereza, alama zote, milio ya nafasi. Ukihama dirisha, kila kitu kinabadilika chenyewe. Kazi ya kupanga hayo ni ya robo saa.

Yale mengine yanayosemwa

Kuhusu kuongea ili kompyuta iandike: inasaidia, na wako wasioona wanaoitumia. Lakini kilichoandikwa lazima kisikilizwe na kusahihishwa, kwa hiyo mipangilio yote iliyotajwa hapo juu bado inahitajika. Tena mtu hawezi kuisemea kompyuta jibu la mtihani darasani, wala siri za mteja katika ofisi yenye watu saba.

Na kuhusu wanaosema nukta nundu, yaani breli, maandishi yanayosomwa kwa vidole, zimepitwa na wakati, hapana. Sauti inakupa neno. Nukta nundu zinakupa tahajia, kibainishi, nafasi mbili zilizowekwa kwa bahati mbaya. NVDA inaweza kutuma maandishi kwenye kifaa cha nukta nundu wakati huohuo ikizungumza. Vifaa hivyo ni ghali sana kwa wengi wetu, na hilo ni suala la pesa na sera, halina uhusiano na manufaa yake.

Kwa walio karibu

Ukikaa na mtu asiyeona kwenye kompyuta yake, usipunguze kasi ya sauti ili na wewe usikie, kabla ya kumwomba. Ukitaka inyamaze kidogo mzungumze, Ctrl inaikatiza. Kama kompyuta imekuwa bubu ghafla, kabla ya kumwita fundi bonyeza kitufe cha NVDA na S, ukirudia mpaka izungumze tena; mara nyingi mtu aligusa vitufe hivyo bila kujua na akaizima sauti.

Na kwenye maabara za shule, ambako kompyuta moja inatumiwa na wanafunzi kadhaa kwa siku, kila mmoja apewe NVDA yake kwenye fleshi. Apange kasi yake, sauti yake, majina yake ya alama, kisha ahifadhi kwa kitufe cha NVDA, Ctrl na C. Mipangilio hiyo itamfuata kwenye kompyuta nyingine zenye Windows. Mwenzake akiivuruga, kitufe cha NVDA, Ctrl na R kikibonyezwa mara moja kinarudisha alichokuwa amehifadhi. Kikibonyezwa mara tatu kwa haraka kinafuta yote na kuanza upya, kwa hiyo wanafunzi waambiwe tofauti hiyo siku ya kwanza.